Huku Tukimwomba Mungu, Huku Tukipiga Nyundo



Liko neno moja ambalo wakristu wengi hulitaja kana kwamba limetoka kinywani mwa Bwana wetu Yezu Kristu. Neno hilo ni hili: "Jisaidie, na Mungu atakusaidia." Tunalisikia kwa wahubiri, tunalisikia kwa wazee wakiwashauri vijana, na waliosoma Kifaransa wanalijua tangu shuleni. Tukiwauliza limeandikwa wapi, wanajibu, "Katika Biblia." Tukiwaomba watuonyeshe sura na aya, wanaanza kufungua kurasa, na mpaka leo wanafungua.

Hawataliona. Halimo katika Agano la Kale wala katika Agano Jipya. Asili yake ni hadithi ya Wayunani wa zamani, watu ambao hawakumjua Mungu wa kweli. Mfaransa Jean de La Fontaine aliitia hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1668, nayo ikaingia shuleni. Mmarekani Benjamin Franklin naye alichapa neno la namna hiyo katika kalenda yake ya mwaka 1736. Basi neno hili lilitembea kutoka kwa wapagani mpaka kwa washairi, kutoka kwa washairi mpaka kwa wafanya biashara, na mwishowe likaingia kanisani, likaketi kiti cha mbele, na hakuna aliyeliuliza, "Wewe umetoka wapi?"

Sasa wako watu wanaotuambia: "Hata Wahispania, ambao ni Wakatoliki wa siku nyingi, wana mithali hiyo hiyo." Nasi tunajibu: Sivyo. Wahispania wana mithali nyingine, nayo ni bora sana kuliko ile. Tunataka kuieleza leo, maana anayeichanganya na ile ya wapagani anapoteza mali ya thamani.

Mithali yenyewe kwa Kihispania ni hii: A Dios rogando y con el mazo dando. Maana yake: Huku ukimwomba Mungu, huku ukipiga nyundo. Mazo ni nyundo kubwa ya mti, ile ambayo fundi huishika kwa nguvu apate kupigilia kigingi au kukaza gurudumu.

Yatazameni maneno haya vizuri, kwa kuwa kila moja lina kazi yake. Kwanza, Mungu anatajwa mwanzoni, nyundo inafuata. Pili, mithali haisemi, "Omba, halafu ukimaliza piga." Wala haisemi, "Piga, na ukishindwa omba." Vitendo viwili vinakwenda pamoja kwa wakati mmoja, kama sisi tunavyosema "huku akiimba, huku akilima". Tatu, na hili ndilo watu hawalioni, mithali haina neno "jisaidie". Haisemi nyundo inapiga kwa faida ya nani. Haisemi hata kwamba anayeomba na anayepiga ni mtu mmoja. Imeacha nafasi, na katika nafasi hiyo wanaweza kuingia watu wawili, au kijiji kizima.

Ili tofauti ionekane wazi, tutazame hadithi mbili za wenye magari ya kukokotwa na wanyama.

Hadithi ya kwanza ni ile ya Wayunani, inayosemwa kuwa ya Aesop. Gari la mtu lilikwama matopeni. Yule mtu akaketi, akaanza kumlilia Herakles, mungu wao mwenye nguvu. Herakles akamtokea, akamkemea: asimame, atie bega kwenye gurudumu, awachape wanyama wake, na asimwite tena mpaka amekwisha kujitahidi mwenyewe. Hadithi inaishia hapo. Yule mungu, ambaye nguvu zake zilisifiwa dunia nzima, hakutia hata kidole kimoja kwenye lile gurudumu.

Hadithi ya pili ni ya Wahispania, nao huisimulia wakieleza asili ya mithali yao. Gari la mtu lilivunjika njiani. Akapita mtu mtakatifu, na wengine husema alikuwa Mtakatifu Bernardo. Mwenye gari akamsihi amwombee kwa Mungu. Mtakatifu akamjibu kwamba atamwomba Mungu, na mwenye gari naye, wakati huo huo, apige nyundo.

Hatusemi kwamba jambo hilo lilitokea kweli. Ni masimulizi ya watu. Lakini mithali inajulikana kwa masimulizi inayoyazaa, kama mti unavyojulikana kwa matunda yake. Katika hadithi ya wapagani, mwenye nguvu anasimama juu ya mwenye shida na kumgombeza. Katika hadithi ya wakristu, mtakatifu anasimamisha safari yake na kushiriki taabu ya mwenzake. Mmoja anasali, mmoja anapiga, na gari ni moja. Je, hadithi hizi mbili zafundisha jambo moja? Hapana.

Basi mizizi ya mithali hii iko wapi? Tunasema iko katika Maandiko Matakatifu na katika mafundisho ya Kanisa.

Someni kitabu cha Kutoka, sura ya 17. Waamaleki walikuja kupigana na Israeli. Musa alipanda kilimani akainua mikono yake kwa Mungu, na Yoshua akashuka bondeni na upanga. Mikono ya Musa ilipoinuka, Israeli walishinda. Iliposhuka kwa kuchoka, walishindwa. Ndipo Haruni na Huri wakamketisha juu ya jiwe, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likachwa. Hesabuni watu: mmoja anaomba, mmoja anapigana, wawili wanamsaidia anayeomba. Ni nani hapa aliyejisaidia? Hakuna. Walisaidiana, na Mungu aliwasaidia wote.

Someni tena kitabu cha Nehemia, sura ya 4. Wayahudi walikuwa wanajenga upya ukuta wa Yerusalemu, na adui zao wakafanya shauri kuwashambulia. Walifanyaje? Walimwomba Mungu, wakaweka walinzi mchana na usiku. Mambo hayo mawili yako katika aya moja. Waliobeba mizigo walifanya kazi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulishika silaha.

Tena someni Yoshua bin Sira, sura ya 38, sura ambayo tungependa isomwe katika kila nyumba yenye mgonjwa. Inamfundisha mgonjwa asikawie kumwomba Bwana, aache dhambi, atoe sadaka, kisha ampe daktari nafasi yake, maana Bwana ndiye aliyemwumba daktari. Inasema dawa zinatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu, na mwenye akili hazidharau. Tena inaongeza kwamba daktari naye humwomba Mungu ili afanikiwe kuponya. Mgonjwa anaomba, daktari anaomba, na dawa inafanya kazi yake. Mithali yote ya Wahispania imo humo, karne nyingi kabla ya Wahispania wenyewe.

Tunajua mtu atatupinga akisema: "Lakini Bwana wetu alituonyesha ndege wa angani na maua ya kondeni. Hawalimi wala hawafumi, na Baba anawatunza. Basi kwa nini tusumbuke na nyundo?"

Neno hilo si jipya. Yapata mwaka 400 walikuwako watawa kule Kartago, katika Afrika ya kaskazini, waliosema hivyo hivyo. Walikataa kazi ya mikono. Walitaka kusali tu na kulishwa na waamini, wakijiita ndege wa Injili. Askofu Aurelio wa Kartago akamwomba Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipona, awajibu. Augustino, Mwafrika kama sisi, akaandika kitabu kizima juu ya kazi ya watawa. Aliwakumbusha Mtume Paulo, ambaye alihubiri Injili na tena akafanya kazi kwa mikono yake, na ambaye aliwaagiza Watesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile chakula. Kisha akawauliza kwa kuwacheka kidogo: Kama ninyi ni ndege, mbona mnaweka akiba? Mbona mnasaga unga na kupika? Ndege hawafanyi hivyo. Bwana wetu alitukataza hofu ya kesho. Hakutukataza kazi ya leo.

Baadaye kidogo, katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake Kanuni. Katika sura ya 48 aliwapangia saa za kazi ya mikono na saa za kusoma mambo ya Mungu, kwa kuwa aliuona uvivu kuwa adui wa roho. Na saa ya sala ikigonga, Kanuni hiyo yamwamuru mtawa aache kila kilichoko mkononi mwake akimbilie sala. Saa hizo zote zilikuwa za Mungu mmoja.

Sasa turudi Hispania yenyewe. Tarehe 12 Machi 1622 Baba Mtakatifu Gregorio XV aliwatangaza watakatifu watano kwa siku moja, na wanne kati yao walikuwa watoto wa Hispania: Inyasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Ávila, na mkulima mmoja wa Madrid aitwaye Isidro. Fikirini, ndugu. Pamoja na waanzilishi wa mashirika na misionari mkubwa wa Asia, Kanisa lilimwinua mtu aliyelima mashamba ya bwana mwingine.

Isidro aliishi katika karne ya 12. Wenzake walimshtaki kwa bwana wake, Juan de Vargas, kwamba anachelewa kazini kwa sababu ya kwenda kusali. Bwana akaenda kuvizia. Masimulizi yasema aliona majembe mawili ya kukokotwa na ng'ombe weupe yakilima kando ya Isidro. Picha nyingi humwonyesha Isidro amepiga magoti na malaika analima peke yake, na mvivu akiziona hufurahi sana. Lakini masimulizi ya kale humwonyesha Isidro mwenyewe ameshika jembe, na msaada wa mbinguni uko kushoto na kulia kwake. Malaika hawakuja kulima badala ya mtu aliyelala.

Naye Mtakatifu Teresa, mwalimu mkubwa wa sala, alianzisha monasteri 17. Alitafuta nyumba, alibishana juu ya bei, alisafiri kwa magari ya kukokotwa katika njia mbaya, mgonjwa hivyo hivyo. Watawa waliohuzunika kwa kuwa kazi iliwatoa katika sala aliwafundisha kwamba hata jikoni, katikati ya vyungu, Bwana yupo pamoja nao. Hawa ndio watu wa taifa lililoishi na mithali yetu.

Lakini hatutaki kuwadanganya wasomaji. Mithali njema huweza kukaa katika kinywa kibaya. Mwandishi Miguel de Cervantes, katika sehemu ya pili ya Don Quijote, iliyochapwa mwaka 1615, aliitia mithali hii kinywani mwa Sancho Panza, mtumishi wa yule bwana mwenye ndoto. Sancho alikuwa ameagizwa ajipige viboko 3,300 ili bibi mmoja aondolewe uchawi. Alikubali kwa malipo. Usiku ule akajipiga viboko vichache, kisha akageukia miti iliyokuwa karibu, akaichapa miti huku akipiga kelele za maumivu, na bwana wake gizani akamhurumia. Baadaye, walipofika nyumba ya wageni, Sancho yuyo huyo akatamka mithali yetu bila haya: Huku ukimwomba Mungu, huku ukipiga nyundo!

Tunawaomba msicheke upesi. Wachapa miti wako wengi. Yuko anayeshinda kanisani akiomba amani ya kijiji, na jioni ulimi wake unawasha moto kati ya kabila na kabila. Yuko anayehesabu mikutano ya kamati, na chemchemi ambayo kamati iliahidi kuisafisha imejaa majani. Sauti ya viboko inasikika mbali, na mgongo hauna alama.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma. Mithali hii leo inashambuliwa na makundi mawili.

Kundi la kwanza wameondoa nyundo. Ni wahubiri wa miujiza wanaomwambia mgonjwa wa sukari, wa kifua kikuu au wa ukimwi kwamba vidonge ni alama ya imani haba. Avitupe, afunge chakula, alete sadaka, apone. Tunasema kwa sauti kubwa: Mafundisho hayo yanapingana na Neno la Mungu lililo wazi katika Yoshua bin Sira. Anayemzuia mgonjwa asimeze dawa hamwongezei imani. Anamwongoza kaburini, na atajibu mbele ya Mungu. Mama, usimwache mtoto mwenye homa akae siku tatu mlangoni pa wahubiri. Mbebe leo kwa daktari, na njiani sali rozari yako. Sala hiyo haipungui nguvu kwa sababu miguu yako inatembea.

Kundi la pili wameondoa sala, na pamoja na sala wameondoa huruma. Hawa ndio wapenzi wa lile neno la wapagani. Mjane akija kuomba msaada, wanamjibu, "Jisaidie, Mungu atakusaidia." Kijana aliyetafuta kazi mwaka mzima anaambiwa vivyo hivyo. Angalieni ni nani hupenda kulisema: mara nyingi ni mwenye kushiba kwa mwenye njaa. Neno hilo limekuwa mlango wa kumfungia maskini nje, na juu ya mlango wameandika jina la Mungu.

Lakini Yezu Kristu alifanya nini? Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, alimkuta mtu aliyeugua miaka 38 kando ya birika. Mtu yule alieleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Kama lile neno lingekuwa la Kristu, angalimjibu kwa ukali na kupita. Hakufanya hivyo. Alimwamuru asimame, ajitwike godoro lake na kutembea, na mara yule mtu akapona, akajitwika godoro lake, akatembea. Nguvu zilitoka kwa Mungu mbele, na kazi ya mtu ikafuata.

Hapo ndipo kiini cha imani yetu kilipo. Pelagio alifundisha zamani kwamba mtu aweza kuanza na kutimiza mema kwa nguvu zake mwenyewe, na Kanisa la Afrika lilimkataa katika mtaguso wa Kartago mwaka 418. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulieleza tena kwamba neema ya Mungu hututangulia, na sisi tunaikubali na kufanya kazi pamoja nayo. "Jisaidie" humfanya Mungu kuwa mtu wa pili, anayengoja aone kama tunastahili. Mithali ya Wahispania humweka Mungu mbele, na hata mkono unaoshika nyundo ni zawadi yake.

Wahenga wetu walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Chombo kinachoelea baharini kimepita katika mikono ya fundi. Na mikono ya fundi imepita katika mikono ya Mungu.

Basi, ndugu wasomaji, tufanye hivi. Tusilitaje tena lile neno la wapagani kana kwamba ni Injili. Kila tunapotoa nia ya sala katika jumuiya, tuulize pale pale: na nyundo ataishika nani? Tukimwombea mgonjwa, ni nani atakayemfikisha hospitali, na ni nani atakayelisha watoto wake siku hizo? Tukiwaombea yatima, ni nani atakayelipa ada yao ya shule? Asiye na nguvu za kupiga, kama mzee kitandani, ainue mikono kama Musa, na sisi tumshike mikono hiyo. Mwenye nguvu apige, wala asijivune, maana yuko anayemwombea.

Na yule ambaye gari lake limevunjika leo asisikie kwetu karipio la Herakles. Atukute tumepiga magoti, na nyundo iko mkononi.